Rivolva ya kaliba gani kwa mkono wenye chuma?

"Afande, salaam. Nina umri wa miaka 54, ni mnunuzi wa kahawa upande wa Masaka, na msimu wa mavuno nalala ghalani na pesa za wakulima. Tangu ile miezi ya watu wa bijambiya (wauaji wa mapanga) mwaka 2021 usingizi wangu ni wa kuku. Nimeanza taratibu za kuomba kibali cha silaha na nimeamua nataka rivolva, ile yenye silinda inayozunguka, si bastola ya magazini, kwa kuwa naielewa. Shida ni kaliba. Muuzaji ananisukumia .357 Magnum nyepesi yenye mtutu mfupi, anasema mtu akipigwa nayo anarushwa nyuma. Shemeji yangu anasema nichukue .44 nimalize mjadala. Rafiki yangu wa klabu ya shabaha, ambako ningependa kwenda Jumamosi kujifurahisha, anatumia .22 na ndiye anayenicheka kuliko wote. Mkono wangu wa kulia una chuma kwenye kifundo tangu nilipogongwa na boda boda mwaka 2019. Pia ningependa mke wangu ajue kuitumia nikiwa safarini. Kaliba ipi itanifaa kwa yote mawili, kujilinda na mchezo?"

Ndugu yangu, salaam kwako pia. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mstari niliorudi kuusoma si wa .357 wala wa .44. Ni ule wa chuma mkononi. Wote waliokushauri wamezungumzia bunduki. Hakuna aliyekuuliza habari za mkono utakaoishika. Mimi nitaanzia huko, ila kwanza nikutoe kichwani maneno mawili matatu uliyolishwa, maana ukienda nayo dukani utarudi na silaha ya kumfurahisha shemeji.

La kwanza ni hilo la mtu kurushwa nyuma. Halipo. Risasi ya .357 ina uzito wa gramu 10 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 380 kwa sekunde. Mwendo ni mkubwa, lakini kitu chenyewe hakifiki uzito wa sarafu mbili za shilingi 500. Piga ile hesabu ya msukumo tuliyofundishwa shuleni: risasi hiyo ikikwama ndani ya mtu wa kilo 70, inamsogeza kwa sentimita tano au sita kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kobe. Tena ushahidi mwingine uko mikononi mwa mpigaji mwenyewe, kwa kuwa msukumo unaokwenda mbele ndio unaorudi nyuma. Kama risasi ingeweza kumrusha jambazi hadi ukutani, ingekurusha na wewe hadi ukuta wa pili.

Risasi ya bastola hutoboa, basi. Mtu huacha kushambulia kwa sababu imefika mahali pa maana mwilini, au kwa sababu ameogopa akakimbia, na hao wa pili ni wengi kuliko sinema zinavyotuambia. Kisa ambacho kila mkufunzi wa silaha anakijua ni cha Miami, Marekani, tarehe 11 Aprili 1986. Maafisa wanane wa FBI walikabiliana na majambazi wawili. Mmoja wa majambazi alipigwa mapema na risasi ya milimita 9 iliyopita kwenye mkono, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Akaendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Aliyemaliza mapambano hayo alikuwa afisa ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umevunjwa na risasi, na alichoshika kwa mkono uliobaki kilikuwa rivolva ya .357 iliyojazwa risasi za .38. Baadaye FBI wakaweka kipimo: risasi ya kazi lazima ipenye angalau sentimita 30 ndani ya jeli maalumu inayoigiza mwili. Walichokuwa wanatafuta ni risasi inayofika. Habari za kumwangusha mtu kwa kishindo hazikuwamo.

La pili ni namba. Kaliba ni upana wa risasi, si nguvu. Neno lenyewe tumezoea kulitumia kwa watu, tukisema fulani si wa kaliba yako, na nadhani ndiyo sababu tunaona namba kubwa kama cheo kikubwa. Sasa sikiliza ajabu hii. Risasi ya .38 Special ina upana wa inchi 0.357, yaani milimita 9 na kidogo. Risasi ya .357 Magnum ina upana huo huo. Risasi ya milimita 9 ya bastola za askari inatofautiana nazo kwa unywele. Kinachozitenganisha ni ganda lililo nyuma na presha iliyomo. Ile .38 Special ilitengenezwa na Smith & Wesson mwaka 1898, enzi za baruti nyeusi. Mwaka 1935 wakaja na .357 Magnum: ganda lile lile lililorefushwa kwa milimita tatu hivi, na presha iliyopandishwa hadi karibu mara mbili. Ule urefu wa ziada uliwekwa makusudi ili risasi kali isiweze kuingia kwenye rivolva ya zamani na kuipasua. Matokeo yake, rivolva ya .357 inakula risasi za .38 bila shida, lakini ya .38 haili za .357. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa mkono wako. Risasi ya .357 hubeba nishati karibu mara mbili na nusu ya ile ya .38, na hapo ndipo muuzaji anapoishia. Asichokwambia ni hesabu ya upande wako. Teke, yaani ile nguvu ya bunduki kurudi nyuma mkononi, halikui sawasawa na msukumo. Msukumo ukiongezeka mara mbili, nishati ya teke inaongezeka mara nne, halafu inagawanywa kwa uzito wa bunduki. Ndiyo maana rivolva ya chuma ya kilo moja ikipiga .38 unaiona kama imekusukuma begani, na ile nyepesi ya nusu kilo ikipiga .357 inakuwa kama mtu amekupiga kiganja kwa rungu. Isitoshe, mtutu wa rivolva uko juu ya ngumi kuliko wa bastola ya magazini. Kwa hiyo teke haliji nyuma tu, linaupinda mkono kwenda juu, na bawaba ya kupinda huko ni kifundo. Kifundo chako wewe kina bamba na parafujo.

Nikupe jambo nililoliona kwa macho, wala si mara moja. Nimefundisha shabaha miaka mingi na nina mtihani mmoja ambao haujawahi kunidanganya. Namwomba mwanafunzi anipe rivolva yake, namgeuzia mgongo, naweka kwenye silinda risasi tatu na maganda matatu matupu, nachanganya, nafunga, namrudishia. Hajui ipi ni ipi. Anavuta traiga: pa! Anavuta tena: pa! Anavuta ya tatu, nyundo inaangukia ganda tupu: ka. Na hapo kila aliyesimama nyuma anaona mtutu ukichota chini, kama kata inavyochota maji mtungini. Bunduki haikupiga, teke halikuwapo, lakini mkono umeshajikunja kulingoja. Hilo ndilo linalopoteza risasi nyingi, na bunduki kali hulifundisha haraka kuliko mwalimu yeyote.

Mfanyabiashara mmoja alinijia na rivolva nyepesi ya .357, kama hiyo unayosukumiwa, akilalamika kwamba shabaha yake imepinda. Kwa mita saba, kwenye karatasi yenye ukubwa wa sahani ya chakula, risasi zake tano zilitoboa tundu moja tu. Nne zilizobaki zilikula udongo mbele ya karatasi. Ganda tupu likamtoboa siri. Nikampa rivolva yangu nzito yenye .38, akapiga polepole risasi thelathini, nikamrudisha kwenye karatasi mpya: tano zote ndani. Alisimama akaiangalia ile karatasi muda mrefu, halafu akaniuliza kama naweza kuinunua ile yake. Nikamwambia mimi si mwendawazimu.

Basi tuzipange kaliba zenyewe. Hiyo .44 Magnum ilizaliwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wawindaji waliotaka kuua wanyama wakubwa kwa bastola. Mwambie shemeji asante.

Kuhusu .357, nataka kuwa mwadilifu. Katika rivolva nzito yenye mtutu wa sentimita 10 au 15 ni risasi nzuri sana, na kuna watu wenye mikono mizima wanaoimudu kwa raha. Tatizo ni hicho kimtutu cha sentimita tano. Baruti nyingi ya .357 haimalizi kuungua ndani ya mtutu mfupi namna hiyo. Inamalizia nje, hewani, kwa ndimi za moto na kishindo. Usiku ghalani, taa zimezimwa, risasi ya kwanza itakupofusha kwa muda na kukuziba masikio, na sehemu kubwa ya ile kasi uliyoilipia haijaifikia risasi. Umebeba teke lote, ukapata sehemu tu ya faida.

Hii .38 Special ndiyo ninayokupendekezea. Imebebwa na polisi wa Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, teke lake linavumilika, na ukichagua risasi iliyotengenezwa vizuri inafikia kile kipimo cha sentimita 30. Kuna aina iliyoandikwa +P kwenye ganda. Hiyo ina presha ya ziada kidogo, na hupigwa tu katika rivolva ambayo mtengenezaji ameiruhusu. Kwa kifundo chako sioni haja yake.

Ipo pia .32 S&W Long, bibi kizee wa mwaka 1896, mpole kuliko .38, na wapiga shabaha wa mashindano wanaipenda mpaka leo kwa unyoofu wake. India bado wanaunda rivolva za .32. Daktari wako akikataa hata .38, hapo ndipo ningeangalia. Lakini kabla hujaipenda, uliza risasi zake zitapatikana wapi, mwaka huu na mwaka kesho. Swali hilo uliulize kwa kila kaliba, na uombe kuonyeshwa boksi lenyewe. Rivolva za milimita 9 nazo zipo, na risasi za milimita 9 ndizo zilizoenea kuliko zote, ila ganda lake halina ukingo wa kushika kwenye silinda, kwa hiyo nyingi huhitaji kibanio chembamba cha chuma kinachozishika pamoja. Kibanio kikipinda, silinda inakwama. Kwa mtu anayechagua rivolva kwa sababu ya urahisi, huko ni kujitafutia kazi.

Na .22? Rafiki yako anakucheka lakini upande wa mchezo ana haki yote. Hiyo .22 Long Rifle iko duniani tangu 1887, teke lake ni kama la mlango unaofungwa na upepo, na ndiyo risasi ya bei nafuu kuliko zote. Ukitaka kujifunza kushika, kulenga na kuvuta traiga bila mkono kujikunja, hakuna mwalimu bora. Kwa kujilinda ina kasoro mbili. Nguvu yake ni ndogo, hilo unalijua. La pili watu hawalijui: fataki yake, yaani kile kiwashio cha baruti, haimo kwenye kidonge katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa .38, imepakwa ndani ya ukingo wa ganda kuzunguka pande zote, na mara moja moja sehemu iliyogongwa na nyundo inakuwa na fataki haba. Risasi inakataa. Kwenye karatasi ni kicheko. Usiku ni habari nyingine. Ila usiidharau kama kitu cha hatari: .22 iliyopigwa hewani inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu.

Kwa hiyo hesabu yangu kwako ni hii. Tafuta rivolva ya chuma kitupu, ya kilo moja au karibu yake, yenye mtutu wa sentimita 10, iliyoandikwa .357 Magnum, kisha uilishe .38 Special maisha yake yote. Fremu iliyojengwa kwa presha ya .357 ikila .38 hulala tu, na wewe mkono wako unalala pia. Ukikosa hiyo, ya .38 ya umbo lile lile inatosha, wala usihuzunike. Kwa Jumamosi, omba risasi za .38 zenye kichwa bapa, zilizotengenezwa kwa shabaha. Zina baruti kidogo, na kwenye karatasi hukata duara safi kama mashine ya karani ya kutoboa mafaili. Utafurahi kuliko unavyodhani. Na huyo rafiki yako mwombe, kwa kanuni za klabu na akiwa kando yako, uanze na .22 yake kabla hujagusa kingine chochote. Jambo moja la usafi: .38 ikipigwa muda mrefu kwenye rivolva ya .357 huacha pete ya masizi ndani ya vyumba vya silinda, pale ganda fupi linapoishia. Ipige burashi kila ukitoka uwanjani.

Kuna mtego ambao lazima nikuonye, maana watu wa rika letu huangukia humo. Waingereza walitumia rivolva za Webley na Enfield za .38, Enfield waliichukua jeshini mwaka 1932. Hiyo ni .38 nyingine kabisa. Ganda lake ni fupi na nene zaidi, na risasi yake ni pana kidogo kuliko ya .38 Special. Hazibadilishani. Niliwahi kuletewa mezani rivolva ya Kimarekani ya enzi ya Vita vya Pili, iliyoundwa kwa hiyo .38 ya Waingereza, ambayo fundi mmoja huko nyuma aliitoboa silinda ili ikubali .38 Special. Ilikubali. Maganda yaliyotoka yalikuwa yamevimba kiuno kama samaki mwenye mayai, na mawili yamepasuka kwa urefu. Kwa hiyo ukionyeshwa rivolva kuukuu, usisome tu namba. Mpe fundi silaha aipime silinda na vyumba vyake, na aangalie kama silinda inafunga sawasawa mbele ya mtutu kila nyundo inapojikoki. Silinda iliyolegea hunyoa kingo za risasi na kumrushia aliye pembeni vipande vya risasi. Na kama rivolva yenyewe inatoka chini ya kitanda cha babu wa mtu au inauzwa kwa minong'ono, usiiguse kabisa. Silaha isiyo na kibali ni jela, hata kama iliyo mkononi mwako ni nzima.

Hapo tumefika kwenye kibali, na kwa mama watoto. Najua umeuliza kwa nia njema, lakini jibu ni hapana. Kibali cha silaha Uganda ni cha mtu aliyechunguzwa, kuanzia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na DPC wako (mkuu wa polisi wa wilaya) hadi Naguru, makao makuu ya polisi. Hakirithiwi wala hakiazimwi. Ukisafiri na kumwachia mkeo rivolva chini ya mto, nyote wawili mnaweza kujikuta mbele ya hakimu kabla hajaja mwizi yeyote. Kama naye anataka, aombe chake. Anachopaswa kujua leo ni kwamba silaha imefungwa kwenye sefu iliyogongomewa ukutani, na namna ya kutoigusa. Jua pia kwamba kibali hutaja silaha yenyewe na risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Ukikosea kaliba leo, kubadilisha kesho si kama kubadilisha viatu. Unaanza safari ya ofisi upya. Na tangu mwaka 2018, baada ya kuuawa kwa mbunge Abiriga, serikali iliagiza bunduki zote zichukuliwe alama za risasi, kwa hiyo risasi itakayotoka mtutuni mwako ina jina lako.

Na jina lako litaifuata popote itakapotua. Ghala lako nalijua bila kulitembelea: mabati, mlango wa mbao, pengine tofali za kuchoma upande mmoja, na nyuma yake chumba cha vibarua. Bati na mbao havizuii risasi yoyote kati ya hizi tulizozitaja, hata .22. Kabla hujanunua chochote, simama usiku pale unapolala, nyoosha mkono mtupu kuelekea mlangoni, ujiulize ni nani amelala kwenye mstari wa kidole chako. Kama ni vibarua, hamisha kitanda. Sheria nayo itauliza kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokuwapo, na mtu anayekimbia na gunia la kahawa si hatari kwa maisha yako. Hili lipeleke kwa wakili wa Masaka mjini mzungumze nusu saa, ana kwa ana. Mimi najua chuma, yeye anajua mahakama.

Nitasema na jambo ambalo hukuniuliza. Hao wezi wanafuata pesa. Ukiwalipa wakulima kwa simu siku ile ile ya kupima kahawa, na mtaa mzima ukajua kwamba ghalani hakuna noti, utakuwa umepunguza hatari kuliko rivolva yoyote inavyoweza. Taa nje, mbwa wawili wenye kelele, komeo la ndani. Sikukatazi silaha. Ila nimeona watu wakinunua bunduki wakaacha mlango ule ule wa mbao. Na kama nyumbani kuna ugomvi, au waragi, au siku zile mtu anaamka hataki kuishi, bunduki isiingie kabisa. Zungumza na daktari kwanza, hilo si jambo la aibu.

Ukishapata, mazoezi mengi hayahitaji risasi. Toa risasi zote, ziweke chumba kingine, kagua silinda mara mbili kwa macho na kwa kidole, elekeza mtutu kwenye ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu. Laza sarafu ya shilingi 100, ile yenye ng'ombe wa Ankole, juu ya mtutu nyuma ya kilengeo. Sasa vuta traiga polepole mpaka nyundo ianguke, na ng'ombe asianguke. Traiga ya rivolva bila kuikoki nyundo ina uzito wa kilo tano hivi, kwa hiyo siku za kwanza ng'ombe atakuwa sakafuni kila mara. Dakika kumi kila jioni, mwezi mmoja, utaona. Zoezi hilo usilifanye na .22 tupu, kwa kuwa sindano yake hugonga ukingo wa chumba na kuuharibu. Uwanjani vaa miwani na vizibo vya masikio bila mjadala. Kishindo cha bastola yoyote kati ya hizi kinapita desibeli 140, na sikio likiharibika halirudi. Vidole viwe mbali na mwanya kati ya silinda na mtutu, moto unaotoka hapo unakata nyama. Na kwa unyevu wetu huu wa pande za ziwa, usiilaze rivolva ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hunyonya maji na utaamkia kutu. Mafuta paka kiasi, risasi zenyewe ziwe kavu, kwa kuwa mafuta yakipenya hadi kwenye fataki yanaiua.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa daktari wa mifupa aliyekufunga hilo bamba, pamoja na picha zako za eksirei, umwambie wazi unachotaka kufanya. Muulize kama mfupa umeshika, na kama kifundo kinaruhusiwa kupokea mshtuko wa mara kwa mara. Akisema hapana, uliza kuhusu mkono wa kushoto; nimefundisha watu wazima kuhama mkono na wakafanikiwa, ila huchukua miezi.

Na ukirudi nyumbani kutoka kwake, chukua pakiti ya sukari ya kilo moja. Ishike kwa mikono miwili, inyooshe mbele ya uso kama mtu anayelenga, ukae hivyo dakika nzima. Pumzika, rudia mara tano. Kifundo kikikaa kimya, rivolva ya chuma utaiweza. Kikianza kuuma, au kidole kikifa ganzi, usilipe muuzaji hata shilingi ya rubuni. Niandikie uniambie kinauma upande gani, wa kidole gumba au wa kidole cha mwisho, tuanzie hapo.